Kompyuta Imebadilishiwa Mfumo, Draivu ya Kikundi Haifunguki: Tufanye Nini?



Tangu Windows 10 iliposimamishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zimehamia Windows 11. Baada ya kuhama, jambo moja laletwa kwetu tena na tena. Katibu anafika asubuhi, anawasha kompyuta, anataka kufungua leja ya mikopo, na ile draivu ya pamoja imewekwa alama nyekundu ya mkasi. Akiibofya, anapata ujumbe mrefu wa Kiingereza na nambari zisizoeleweka. Jana ilifunguka, leo haifunguki. Hapo ndipo maneno yanapoanza: leja imepotea, mweka hazina amefuta, fundi ameharibu.

Ngoja kwanza. Karibu mara zote hakuna kilichopotea. Kilichobadilika ni masharti ya kuingia. Kumbukumbu hupotea baadaye, kwa haraka ya watu wanaotaka kutengeneza kabla ya kujua kilichoharibika. Ndiyo sababu twaandika makala haya.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Vikundi kadhaa vinavyotumia ofisi moja huwa na kisanduku kidogo chenye diski ndani, kimeunganishwa kwa waya na ruta, ile ile inayoleta intaneti. Wengine hawana kisanduku, wamechomeka tu diski ya nje kwenye ruta. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, kompyuta zote za ofisi huchota faili mahali pamoja. Kwenye kompyuta yako kisanduku hicho huonekana kama draivu yenye herufi, labda Z, lakini faili hazimo ndani ya kompyuta yako. Zimo kule kwenye kisanduku. Basi hata kompyuta ikichomwa moto, leja iko palepale.

Kompyuta na kisanduku huzungumza kwa lugha iitwayo SMB. Lugha hii ni ya zamani, ilianzia kampuni ya IBM katika miaka ya 1980, na imepata matoleo mapya mara kadhaa. Toleo la kwanza lilikuwa dhaifu. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika udhaifu wa toleo hilo, ikafunga faili za kompyuta duniani kote na kudai pesa ili izifungue. Hospitali za serikali kule Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani kwa sababu mashine hazikufunguka. Dawa yake ilikuwa imetolewa mwezi Machi mwaka huohuo, lakini wengi hawakuwa wameiweka. Mwishoni mwa 2017 Windows mpya zikaanza kuja bila toleo la kwanza la SMB.

Halafu likaja badiliko la pili. Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, lililotoka Oktoba 2024, limeleta masharti mawili mapya, hasa kwenye kompyuta za aina ya Pro zinazotumika maofisini. La kwanza, hakuna kuingia kama mgeni. Zamani visanduku vingi viliachwa wazi, mtu akiingia bila jina wala neno la siri, kama jirani apitaye mlango wa uani bila kupiga hodi. Sasa Windows yenyewe yakataa kupita mlango wa namna hiyo. La pili, kila kipande cha habari kinachopita kati ya kompyuta na kisanduku lazima kiwe na sahihi, mfano wa barua inayogongwa muhuri kila ukurasa ili mtu wa njiani asibadilishe tarakimu. Kisanduku kisichojua kutia sahihi hukataliwa.

Haya ni masharti mema. Sisi wenyewe tungeyataka, kwani kikundi gani kingekubali daftari la hisa likae barazani? Ubaya ni kwamba hayakuja na maelezo ambayo mweka hazina wa kikundi angeyaelewa.

Sasa tuje kwenye kutafuta kosa. Anzeni mbali na kompyuta. Tazameni kisanduku: je, taa zinawaka? Stima ilikatika usiku? Waya wa kwenda kwenye ruta umekazwa? Halafu tazameni kompyuta imeunganishwa na mtandao gani. Hili huwapata wengi. Baada ya mfumo kubadilishwa, kompyuta inaweza kuwa imeshika mtandao wa simu ya mtu aliyekuwa akiileta intaneti siku ile ya kazi, au mtandao wa wageni wa ruta. Intaneti unaipata vizuri kabisa, lakini kisanduku hukioni kwa kuwa kiko upande mwingine wa ukuta. Rudini kwenye mtandao wenu wa kawaida. Pia hakikisheni kompyuta imeambiwa kuwa mtandao huo ni wa nyumbani au ofisini, si wa hadharani.

Kisha jaribuni kufungua faili kwa kompyuta nyingine ambayo haijabadilishwa, au kwa simu ikiwa mlizoea kutumia simu. Ikifunguka huko, basi ugomvi umekwisha: kisanduku ni kizima, leja ipo, na hakuna aliyefuta. Waiteni wanachama wawili watatu washuhudie kwa macho yao. Dakika tano hizo zaweza kuokoa kikundi, maana shaka juu ya pesa ikiingia, hata leja ikipatikana haitoki upesi.

Hatua inayofuata ni kukiita kisanduku kwa nambari badala ya jina. Toleo la zamani la SMB ndilo lililosaidia kompyuta kuonyesha majina ya vifaa vya jirani, na sasa limeondoka, kwa hiyo kisanduku kinaweza kutoonekana kwenye orodha na hali kipo. Kila kisanduku kina nambari yake kwenye mtandao, kwa mfano 192.168.1.20. Yenu itakuwa tofauti. Mtaipata kwenye ukurasa wa ruta, au kwenye ile kompyuta ambayo bado inafungua. Fungueni dirisha la faili, na juu pale penye anwani muandike mikwaju miwili ya kinyume kisha nambari, hivi: \\192.168.1.20. Bonyezeni kitufe cha kuingiza. Faili zikitokea, shida ilikuwa ni jina tu. Futeni ile draivu yenye alama nyekundu (kufuta alama hii hakufuti faili) na muiunganishe upya kwa nambari. Mwambieni fundi aifunge nambari hiyo kwenye ruta isiwe ikibadilika kila stima ikikatika.

Kama bado, someni ujumbe. Msiufunge kwa hasira. Upigeni picha kwa simu, kwa kuwa maneno yake ndiyo yanayotofautisha ugonjwa huu na ule.

Ukiwa na nambari 0x80070035, kompyuta yasema njia haikuonekana. Mara nyingi ni waya, mtandao usio wenyewe, au kisanduku kinachojua SMB ya kwanza peke yake.

Ukisema kwamba sera za usalama za shirika lenu zinazuia mgeni asiyejitambulisha, ni lile sharti la kwanza. Neno “shirika” limewachanganya watu, na wako waliodhani Jimbo Kuu ndilo limefunga. Hapana. Ni Windows yenyewe iliyoamua. Dawa ni kufungua ukurasa wa kisanduku kwa kivinjari cha intaneti, kwa ile nambari yake, na msimamizi amwandikishe kila mhusika jina na neno la siri. Msiandikishe jina moja la “ofisi” litumiwe na watu tisa. Mweka hazina aruhusiwe kuandika, mwenyekiti na wakaguzi waruhusiwe kusoma. Kwa njia hii mabadiliko ya Windows yanawafanyia kazi ambayo mlipaswa kuifanya zamani. Na kumbukeni kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inagusa daftari zetu pia: majina, nambari za vitambulisho na madeni ya wanachama si vitu vya kuachwa wazi kwa kila aliye na paswadi ya Wi-Fi.

Ukiomba jina na neno la siri kisha ukayakataa, tazameni mambo mawili. Tarakimu nne mnazofungulia kompyuta, yaani PIN, si neno la siri la kisanduku na hazitafaa kamwe. Jina la barua pepe la Microsoft nalo halifai. Andikeni jina lile lililoandikishwa kwenye kisanduku. La pili, Windows huweka maneno ya siri ya zamani kwenye ghala lake, na huendelea kuyapeleka hata baada ya ninyi kuyabadilisha. Fungueni ghala hilo kwenye mipangilio, futeni lile la kisanduku, zimeni kompyuta, washeni, jaribuni tena. Pia kompyuta moja haikubali kuingia kisanduku kimoja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo atoke mmoja ndipo aingie mwingine.

Ukisema sahihi si halali, au ukionyesha 0xc000a000, ni sharti la pili. Hapa kisanduku ndicho kimezeeka. Fungueni ukurasa wake mtafute programu mpya ya ndani kutoka kwa watengenezaji, kisha sehemu ya SMB muwashe toleo la 2 na la 3, na kutia sahihi. Visanduku vingi vya miaka ya karibuni vyaweza. Tatizo huwa kwa vile vya zamani sana na kwa zile diski zilizochomekwa kwenye ruta, kwa kuwa ruta nyingi za bei nafuu hazijui kutia sahihi.

Ikishindikana kabisa, fundi atawaambia kuna njia ya mkato: kuiambia Windows isidai sahihi, au hata kulirudisha lile toleo la kwanza. Inawezekana, na faili zitafunguka saa hiyohiyo. Sisi twasema hivi. Kulegeza sharti la sahihi kwa saa moja, muda wa kunakili faili zote kwenye diski nyingine, kisha kulirudisha, kunakubalika kama hamna njia. Kurudisha toleo la kwanza na kuliacha hapo ni kuufungua tena mlango uliopitiwa na WannaCry. Kisanduku kisichoweza zaidi ya hapo kistaafishwe, na kikundi kipange fedha za kingine.

Sasa sikilizeni sehemu hii vizuri. Mtu akishindwa kufungua kupitia mtandao, wazo linalomjia ni kuitoa diski ndani ya kisanduku na kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Diski nyingi za visanduku hivi zimepangwa kwa utaratibu wa Linux ambao Windows haiusomi. Windows ikiiona, itauliza kama mnataka kuifomati ndipo itumike. Swali linaulizwa kwa upole, kama vile hakuna ubaya. Mkikubali, mmeanza kufuta akiba ya miaka. Jibu ni HAPANA. Itoeni diski, irudisheni mahali pake palepale, na kama zilikuwa mbili msibadilishane nafasi. Diski ya nje iliyokuwa kwenye ruta ni afadhali, kwa kawaida yasomeka kwenye kompyuta, lakini hata hiyo ikiuliza habari ya kufomati, jibu ni lilelile.

Kadhalika kile kitundu kidogo nyuma cha kurudisha kisanduku kama kilivyotoka kiwandani. Kwa baadhi ya aina hufuta neno la siri la msimamizi tu, kwa nyingine hufuta mipangilio yote. Msikibonyeze kabla ya kusoma kitabu cha aina yenu. Na fundi wa saiba akiwaambia “tutasafisha kila kitu tuanze upya,” muulizeni kwanza nakala iko wapi. Kama hana jibu, chukueni kisanduku chenu mwende nyumbani.

Kuhusu nakala: kisanduku chenye diski mbili zinazofanana si nakala. Mtu akifuta faili kwa makosa, inafutika kwenye zote mbili. Nakala ni diski nyingine inayokaa nyumba nyingine. Kikundi cha Mtongwe chaweza kuiweka kwa mwanachama wa upande wa pili wa kivuko. Inakiliwe kila baada ya mkutano wa mikopo, na kurasa za jumla zichapishwe, zitiwe sahihi na kuwekwa kwenye faili la karatasi. Karatasi haiulizi toleo la Windows.

Kabla ya kompyuta inayofuata kubadilishiwa mfumo, andikeni kwenye karatasi moja: nambari ya kisanduku kwenye mtandao, aina na mwaka wake, jina la msimamizi na neno lake la siri, na majina yote yaliyoandikishwa. Itieni ndani ya bahasha, muifunge kwa gundi, wakaguzi watie sahihi juu ya mfuniko. Vikundi vingi tayari vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Bahasha ikae humo, chini ya vitabu vya hisa, na anayetaka kuifungua awaite wenye funguo wote watatu.