Udahili si Usajili: Istilahi za Elimu ya Juu na Mwanafunzi Mpya wa Masafa katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Mhadhara huu unahusu maneno ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu hukutana nayo kabla hajakutana na mhadhiri wake wa kwanza: udahili, usajili, muhula, kozi, programu, marudio, kuahirisha, amidi, rasi na mengineyo ya aina hiyo. Wanaisimu wengi wamezoea kuyatazama kama orodha iliyokwisha kusanifiwa, na kwa hiyo isiyohitaji mjadala. Mtazamo huo una kasoro. Istilahi haipimwi kwa kuingizwa katika kamusi tu, bali pia kwa yale yanayompata mtu aliyeielewa vibaya.

Eneo lililochaguliwa ni Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza shughuli zake mwaka 1993, na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Tangu hapo kimewafikia wanafunzi kupitia vituo vya mikoa, kikiwamo kituo cha Mwanza. Mwanafunzi wake aweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi Nansio, mhudumu wa afya Sengerema, au karani wa ushuru katika mwalo wa samaki. Zamani alipokea furushi la vitabu vilivyochapishwa. Siku hizi hupokea ujumbe katika simu. Mwanafunzi wa bweni akikwama kwenye neno humwuliza jirani yake wa kitanda cha juu. Wa masafa hana jirani huyo. Yuko peke yake na skrini, na ofisi iko ng'ambo ya maji.

Lugha tatu katika barua moja

Sehemu kubwa ya nyaraka za vyuo vikuu vya Tanzania imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo, isipokuwa katika idara kama ile ya Kiswahili iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mwanafunzi huisoma barua kwa Kiingereza, humweleza mzazi kwa Kiswahili, na wakati mwingine mzazi humweleza babu kwa Kisukuma, Kijita au Kikerewe. Katika kila kivuko kitu fulani huanguka majini.

Ni vema ikumbukwe kwamba watu wa mwambao huu si wapokeaji tu wa istilahi. Neno ngeli, ambalo kila mwanafunzi wa sarufi hulitumia, limetoka katika Kihaya. Ng'atuka, ambalo Mwalimu Nyerere alilieneza alipoacha urais mwaka 1985, ni la Kizanaki. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini ilichapishwa mwaka 1980 kwa Kiswahili, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri. Kazi ya kuvusha maarifa kutoka lugha moja kwenda nyingine ina historia ndefu visiwani humo.

Mlango wa kwanza: udahili na usajili

Udahili unatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuingia. Usajili unatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya daftari au kitabu cha kumbukumbu. Tofauti hiyo ya asili ndiyo tofauti yenyewe ya kiutawala. Aliyedahiliwa ameruhusiwa kuingia. Aliyesajiliwa ameandikwa daftarini. Kati ya hatua hizo mbili pana muda maalumu, ada, vyeti halisi vya kuonyeshwa, na fomu za kujaza.

Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, yote mawili huitwa "kuchaguliwa". Mwombaji akiliona jina lake katika orodha, familia hushangilia, na pengine mbuzi huchinjwa. Wiki kadhaa hupita. Siku anapoifungua akaunti yake ili asome, mfumo haumtambui, kwa kuwa jina lake lilikuwa mlangoni tu. Jambo hili hutatanisha zaidi pale mtu anapodahiliwa katika vyuo viwili au zaidi, kwani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, imeweka hatua nyingine katikati: kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu. Asiyejua kwamba kuthibitisha ni tendo la lazima, wala si adabu ya kujibu barua, aweza kuipoteza nafasi aliyoipigania.

Hapa pia hukutwa istilahi sifa linganifu, yaani vyeti vinavyohesabiwa kuwa na uzito sawa na ufaulu wa kidato cha sita. Kwa wanafunzi wa elimu huria, ambao wengi waliacha masomo ya darasani miaka mingi iliyopita, ni maneno mawili yenye thamani kubwa kuliko yote katika tangazo. Mara nyingi huyaruka wakidhani yanahusu kusifiwa tabia.

Kozi: neno moja, mizigo miwili

Hakuna neno linaloleta msiba mwingi kama kozi. Mtaani, "unasoma kozi gani?" ni swali kuhusu masomo yote ya mtu: sheria, ualimu, biashara. Katika nyaraka za chuo, masomo hayo yote ni programu, na kozi ni sehemu moja tu ndani yake, yenye namba yake, mhadhiri wake, mtihani wake na uniti zake. Programu moja ya shahada ya kwanza hubeba kozi nyingi, nyingine za lazima na nyingine za hiari.

Tuseme binti aliyeko Mwanza mjini anampigia baba yake aliyeko kisiwani na kusema, "Baba, nimefeli kozi." Kwa maana ya chuo, ana mtihani mmoja wa kurudia. Kwa maana aliyoipokea baba, ng'ombe waliouzwa wamepotea bure, na fedha za muhula unaofuata hazina sababu ya kutumwa. Wote wawili wamesema na kusikia Kiswahili sahihi. Kosa ni la istilahi kupewa umbo ambalo tayari lilikuwa na kazi nyingine katika lugha ya kila siku. Waundaji wa istilahi hujadili sana kama neno ni la Kibantu au la kukopwa. Laiti wangeuliza kwanza kama kiti hicho hakijakaliwa.

Muhula nalo lina historia ya kupendeza. Katika asili yake ni nafasi ya kungoja, muda ambao mdaiwa hupewa kabla ya kulipa. Chuoni ni kipindi cha masomo kinachoishia katika mitihani, na deni lake halingojwi.

Vyeo na ngazi

Kwa aliyetoka shuleni, mkuu wa shule ndiye mwendeshaji, na makamu ni msaidizi wake. Chuo kikuu hugeuza picha hiyo. Mkuu wa Chuo ni kiongozi wa heshima, anayeonekana zaidi siku ya mahafali akitunuku shahada. Anayeendesha chuo kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Chuo Kikuu Huria kilipoanza, Mkuu wa Chuo alikuwa John Malecela, mwanasiasa, na Makamu wake alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, mwanataaluma aliyekuwa na kazi ya kukijenga. Mwanafunzi anayeandika malalamiko kwa "mkuu" akitaraji jibu la haraka amekosea anwani, na kwa kawaida hata Makamu si mahali pa kuanzia. Huanzia kwa mkurugenzi wa kituo cha mkoa au mkuu wa idara.

Kitivo ni neno lililochotwa katika Kipare na Kisambaa, likiwa na maana ya ardhi yenye rutuba, na ni miongoni mwa istilahi zilizofaulu vizuri. Kiongozi wake huitwa amidi. Kiongozi wa ndaki huitwa rasi, neno ambalo kwa mkazi wa ziwani ni ncha ya nchi kavu iliyoingia majini. Maana zote mbili hurejea kwenye neno la Kiarabu la kichwa.

Katika ngazi za shahada, makubaliano bado hayajakamilika. Shahada ya pili huitwa ya umahiri mahali pengine na ya uzamili mahali pengine, na mwombaji asiyejua hudhani ni shahada mbili. Ya tatu ni ya uzamivu, kutoka zama, kwa taswira ya kwenda kina kirefu. Ni taswira nzuri, ingawa katika mji wenye makaburi ya Igoma, walikozikwa wahanga wa MV Bukoba ya mwaka 1996, kitenzi hicho hakitamkwi kwa wepesi.

Lugha ya wanafunzi wenyewe

Wanafunzi hawangoji kamati. Mtihani wa marudio wameuita sapu. Kozi inayobebwa hadi mwaka unaofuata, keri. Kusitishwa masomo kwa kutofaulu, kudisko. Maneno haya ni mafupi, yanatenganisha vizuri hali tatu zilizo tofauti, na yanaeleweka kutoka Nyegezi hadi Dar es Salaam. Kuyadharau ni kupoteza ushahidi. Yana upungufu mmoja: hayana neno la kuahirisha masomo, yaani kusimama kwa ruhusa ya maandishi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeuguliwa au kujifungua husema tu "nimeacha kwanza", na hufanya hivyo hivyo, haombi ruhusa. Anaporudi, rekodi humwonyesha kama mtoro, huku muda wa juu wa kumaliza programu ukiwa umeendelea kuhesabiwa.

Maneno ya mtandaoni

Istilahi za mtandao zimebahatika kupata makao Mwanza. Kupakia na kupakua ni vitenzi vya chombo na shehena. Mchukuzi wa Kirumba Mwaloni aliyeshusha magunia ya dagaa hahitaji kufafanuliwa upande upi mzigo unakwenda. Nywila, kinyume chake, wengi bado huita neno la siri au paswedi.

Kitenzi kinachohitaji uangalifu ni wasilisha, yaani kufanya kitu kiwasili. Katika mfumo wa Moodle, unaotumiwa na vyuo vingi, mhadhiri aweza kuupanga ili kazi iliyopakiwa ibaki rasimu mpaka mwanafunzi abonyeze kitufe cha pili. Mwanafunzi wa Ukerewe hupakia kazi yake usiku, mtandao ukiwa na nguvu, akaona jina la faili limekaa mahali pake, akazima simu na kulala. Magunia yamo chomboni. Chombo hakijang'oa nanga. Saa sita ya usiku inapopita, mlango hufungwa, na kesho yake mhadhiri huandika kwamba kazi haikuwasilishwa.