Taamuli Ndani ya Mti: Uchongaji wa Kibudha wa Japani na Suala la Uhifadhi

Makala haya yanajadili namna uchongaji wa Japani ulivyoishughulikia taamuli ya watawa wa Kibudha, yaani zoezi la kuketi kimya na kuikusanya akili mahali pamoja. Tatizo la mchongaji ni bayana: taamuli ni tendo la ndani, ilhali mtazamaji huona uso wa nje tu. Jibu la kawaida hutaja mkao, mikono na macho. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu.

Chukua sanamu ya Buddha Amida iliyochongwa na Jōchō mwaka 1053 kwa ajili ya hekalu la Byōdō-in, mjini Uji, kusini mwa Kyoto. Ingawa imeketi, kimo chake kinakaribia mita 2.8. Miguu imekunjwa, mikono imepakatwa, kila kidole cha shahada kimegusa gumba kikafanya duara, na kope zimeshushwa nusu. Huo ni mkao wa taamuli.

Sanamu hiyo haikutolewa katika gogo moja. Jōchō aliunganisha vipande vya hinoki, mti wa jamii moja na mtarakwa, vikiwa vimekombwa ndani. Sababu ilikuwa ya kifundi: mti mnene hukauka nje upesi kuliko kiini, kisha hupasuka. Hata hivyo, uwazi uliopatikana haukuachwa mtupu. Ndani, usawa wa kifua, paliwekwa bamba la mviringo mfano wa mwezi mpevu, juu ya kitako cha umbo la yungiyungi, likiwa limeandikwa dua za Amida kwa herufi za Kisanskriti. Katika mafunzo ya Kibudha ya siri, mtawa huutazama mwezi uliochorwa, kisha huuwaza mwezi huohuo ukiwa kifuani mwake. Kwa maoni yangu, hapa ndipo taamuli ilipochongwa hasa: mahali ambapo hapana jicho la muumini lililofika.

Uwazi huo ulipewa kazi nyingine baadaye. Mwaka 1212, Unkei na wanafunzi wake walichonga sanamu za watawa wa Kihindi Asanga na Vasubandhu kwa hekalu la Kōfuku-ji, Nara. Hao wamesimama, hawakuketi. Utulivu wao umo machoni, na macho hayo ni ya fuwele iliyopachikwa kutoka ndani ya kichwa kilichokombwa, mboni zikiwa zimechorwa nyuma yake.

Kwa washauri wa sera, jambo hili lina uzito. Rejista inayoandika kimo, aina ya mti na mwaka tu huacha nje kile kilichomo ndani, na fundi asiyeujua muundo huo anaweza kukiharibu wakati wa matengenezo. Japani ilitunga sheria ya kuhifadhi mahekalu ya kale mwaka 1897. Baada ya moto wa Hōryū-ji wa 1949 ikapitisha sheria pana zaidi mwaka 1950. Marekebisho ya 1975 ndiyo, nadhani, yanayostahili kusomwa kwa makini kuliko yote, kwa kuwa yaliuweka ufundi wenyewe wa kukarabati chini ya ulinzi wa dola. Tangu hapo, ujuzi wa kuifungua sanamu na kuifunga tena bila kuidhuru unaweza kutambuliwa rasmi, na wenye ujuzi huo kusaidiwa kuurithisha.