Malisho Yaliyoitwa Tupu

Watu wa Kivu walilijua mapema neno "nchi tupu". Tangu tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba nchi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Na mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa mamlaka ya kuwagawia walowezi nchi za namna hiyo. Lakini ni nani aliyejua kama nchi ni tupu? Habari za shamba moja la ng'ombe la jirani zetu wa Kenya zatupa jibu.

Mwaka 1903 Mwingereza mmoja, Lord Delamere, aliomba nchi katika Bonde la Ufa. Serikali ikampangisha ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Akaliita shamba lake Equator Ranch, kwa kuwa li karibu na ikweta. Majani yalikuwa mazuri, wala hapakuwa na makundi ya kuyala. Akaleta kondoo kutoka New Zealand, na mafahali kutoka Uingereza wa kuwapanda ng'ombe wa kienyeji.

Haukupita muda mrefu, wanyama wakadhoofu na kufa, ingawa walikula hata kushiba. Wamasai walilijua jambo hilo tangu zamani, ndiyo maana hawakulisha pale. Baadaye wataalamu waligundua kwamba udongo wa huko umepungukiwa na madini, hasa kobalti. Basi, pale mgeni alipoona utupu palikuwa na elimu ya wachungaji.

Delamere akahamia Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Huko malisho yalikuwa mema kweli, na Wamasai waliyatumia miaka mingi. Kwa mapatano ya Agosti 1904 walitolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba nchi hizo zitakuwa zao maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka 7: kwa mapatano mapya ya mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Baadhi yao walipeleka shauri mahakamani. Mwaka 1913 likatupwa.

Hatusemi kwamba Delamere alikuwa mvivu. Aliweka rehani mali yake ya Uingereza, akajaribu ufugaji na kilimo cha ngano, na alipofariki mwaka 1931 aliacha madeni makubwa. Lakini ng'ombe wake walichungwa na Wamasai, vibarua katika nchi ya baba zao.

Kwetu, sheria ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na hati za mashamba zaendelea kutolewa. Hati yaweza kuonyesha mipaka. Haiwezi kueleza kwa nini mchungaji alipita mahali bila kusimama. Wahenga walisema: mla nchi ni mwananchi. Kabla ya kuyaita malisho tupu, na aulizwe yeye kwanza.