Pumzi ya Mwanamke na Mwanamume Mbioni

Tarehe 7 Oktoba 2020, mjini Valencia, Hispania, rekodi mbili za dunia zilivunjwa katika jioni moja. Joshua Cheptegei, askari polisi wa Uganda, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Naye Letesenbet Gidey wa Ethiopia alimaliza mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 6.62. Mwezi Agosti mwaka huo huo, huko Monaco, Cheptegei alikwisha kukimbia mita hizo 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Tofauti ni asilimia 12 hivi.

Tofauti hiyo si ya uvivu wala ya woga, kama wapendavyo kusema baadhi ya wakufunzi kambini. Imo hasa damuni na moyoni. Himoglobini, ambayo huchukua oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli, ni pungufu katika damu ya mwanamke kwa takriban asilimia 10, na moyo wake, ulio mdogo zaidi, husukuma damu kidogo kwa kila pigo.

Basi, kikosi kikikimbizwa kwa mwendo mmoja, askari wa kike aliyefanya mazoezi sawasawa na mwenzake hutumia sehemu kubwa zaidi ya uwezo wake, na huchoka mapema.

Lakini asijivune mwanamume asiyefanya mazoezi! Joan Benoit wa Marekani, aliyeshinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki mwaka 1984, alipimwa akaonekana kutumia mililita 78 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kijana wa kiume wa kawaida hufikia 45 hivi.