Mnazi wa Kwale: tembo linalopimwa kwa saa

Mnywaji mzoefu wa mnazi kule Msambweni, Kwale, pwani ya Kenya, haulizi tembo lina umri gani. Huuliza limeshuka saa ngapi, na kaligema nani. Akijibiwa hayo mawili anajua karibu kila kitu anachotaka kujua: kama litakuwa tamu au kali, kama litamchafua tumbo, na kama bei aliyotajiwa inastahili kulipwa bila kuvutana.

Huko Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, mambo ni kinyume chake. Watu wa huko hutengeneza brandi ya matofaa iitwayo Calvados. Juisi ya matofaa huchachushwa, ikakenekwa, kisha kileo kikalazwa katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka miwili. Brandi ya eneo la Pays d'Auge ilipata hadhi yake kisheria mwaka 1942, na ni lazima ikenekwe mara mbili. Majirani zao wa Domfrontais, waliotambuliwa mwaka 1997, hutia mapeasi yasiyopungua asilimia 30 na kuilaza brandi yao miaka mitatu. Chupa ikiandikwa XO, hata brandi changa kuliko zote iliyomo ndani imekaa pipani miaka sita. Mnunuzi husoma karatasi ya chupa akajua eneo, namna ya kukeneka na umri, kisha akaamua.

Nimewataja Wafaransa kwa sababu moja. Wamekubaliana kwamba kinywaji cha mkulima kina madaraja, na kwamba mkulima mwenye mkono mzuri anastahili kulipwa kuliko mwenzake mzembe. Kwale nako tofauti ni nyingi, ila zimebaki kwenye ndimi za wanywaji na mikononi mwa wagema. Kwenye mafaili ya serikali tofauti hizo zote zina jina moja tu: pombe ya kienyeji.

Mtazame mgema akiwa kazini. Hupanda alfajiri kabla jua halijawa kali, kotama kiunoni, kibuyu kikining'inia ubavuni, nyayo zikitafuta vidato vilivyochongwa kwenye shina. Huko juu hujipachika katikati ya makuti, mbele ya karara ambalo halijafunguka na limefungwa kamba lisipasuke. Huteremsha chombo kilicholala usiku kucha, akamimina tembo kwenye kibuyu chake, kisha akakata ncha ya kole kipande chembamba sana, chembamba hata ukikiinua juani mwanga unapenya. Ustadi wote uko hapo. Akikata vipande vinene, kole huisha mapema na mti unakuwa umetoa hasara. Asipokata, kidonda huziba na tone halitoki. Jioni hurudi akaanza upya.

Mnazi mmoja unaogemwa vizuri hutoa kati ya lita moja na mbili kwa siku. Kwa hiyo mgema mwenye minazi 10 hupanda na kushuka mara 20 kila siku, na minazi mirefu ya pwani yetu hupita mita 20. Wengi wao hawana bima ya aina yoyote. Ninapomsikia mtu akilalamikia bei ya mnazi kwenye kivuli cha mangwe, kilabu cha mnazi, hiyo ndiyo hesabu inayonijia kichwani.

Basi tofauti zinatoka wapi? Kwanza ni mti wenyewe. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki ndio uliozagaa kuanzia Ukunda, Kinondo na Gazi hadi Msambweni na Vanga. Huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, lakini ukishaanza huendelea kwa miongo mingi. Minazi mifupi huzaa mwaka wa tatu au wa nne, na mgema huweza kuigema akiwa amesimama chini. Kwa ulimi wangu, tembo la mnazi mrefu lina uzito ambao la mfupi halina, ingawa nimekutana na wagema wanaoapa kinyume chake. Kole lililogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila mwenye shamba ana hesabu yake: auze nazi na madafu, au awakodishe wagema minazi yake. Mti wenye afya hutoa takriban kole moja kila mwezi, nao ulioliwa na mdudu chonga hautoi chochote cha maana, si nazi wala tembo.

Halafu kuna msimu. Mvua za masika huingia vyomboni, na tembo hushuka jepesi, limepungua utamu. Wakati wa kiangazi linapungua wingi lakini linakolea. Methali ya mgema aliyesifiwa akatia maji kila mtoto anaijua. Masika maji hayo humwagwa na mawingu, na mgema mwaminifu hulitenga tembo hilo, akaliuza kwa bei ya chini.

Ila jambo linalozidi yote ni usafi. Utomvu unapodondoka kwenye kole una sukari ya asilimia 12 hadi 15 na hauna kileo hata kidogo. Hamira za asili zilizoko hewani na ndani ya chombo huanza kazi papo hapo. Chombo kisichosuuzwa kimebeba hamira na bakteria za jana, kwa hiyo tembo huwa limeshachacha kabla halijagusa ardhi. Mgema msafi hukupa saa kadhaa za utamu, mchafu hakupi hata moja. Baada ya saa chache kileo hufikia asilimia nne au tano, povu likapanda, na hapo wanywaji wengi ndipo wanapolipenda. Likipita siku nzima, bakteria za siki hushika usukani, na kufika siku ya pili kilichobaki ni siki.

Upande wa bara, Kinango na pembezoni mwake, ambako mvua ni haba na minazi haistawi, watu hugema mkoma. Tembo lake lina harufu yake ya kipekee na wapenzi wake hawalibadilishi kwa lolote. Lakini gharama yake ni kubwa. Mnazi hugemwa kole, shina likabaki salama. Mkoma hukatwa kilele, na mara nyingi shina lililokatwa hivyo hufa. Penye mikoma inayochipua mashina mengi hasara hupungua. Penye mikoma michache, kila mtungi ni mti uliokwenda. Kwa sababu hiyo sioni vipi tembo la mkoma linaweza kuwa biashara kubwa bila kuharibu nchi.

Wadigo walio wengi ni Waislamu, na kileo kwao ni haramu. Hata hivyo mnazi hauwezi kuondolewa katika maisha ya Kwale. Kwa Wamijikenda, ambao Wadigo ni miongoni mwao, tembo lina nafasi yake katika mahari na katika tambiko za kaya, misitu yao mitakatifu, zikiwemo kaya zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ambamo Kaya Kinondo, karibu na Diani, imo. Katika majiko ya Waswahili tembo tamu liliumua mkate wa kumimina kabla hamira ya pakiti haijaenea madukani, na siki ya mnazi ikatumika kwenye achari. Utomvu ukichemshwa mara tu ushukapo hugeuka asali nzito ambayo kila mtu anaweza kuila, awe mnywaji au asiwe.

Na kama mtu anataka mnazi wenye umri, mfano upo ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Sri Lanka hugema kole kama sisi, ila huko wagema hufunga kamba kutoka kilele cha mnazi mmoja hadi mwingine, wakatembea juu kwa juu bila kushuka kila mara. Tembo lao hukenekwa likiwa bado bichi kwa hesabu ya saa, likawa arak, nayo hulazwa kwenye mapipa ya mti uitwao halmilla, baadhi yake hadi miaka 15. Ni kinywaji kinachokaa rafu moja na Calvados, kina kampuni zenye majina, kina kodi inayolipwa, na mwanzo wake ni mtu mwenye kisu juu ya mnazi.

Kwale mgema akikeneka tembo lake bila leseni ni mhalifu, na hata asipokeneka hana amani. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Msiba huo ulikuwa wa kemikali, lakini msako ukishatangazwa nchini, mgema wa Msambweni naye huficha vibuyu vyake. Hilo silioni kuwa haki. Sumu hutokana na kinywaji kisichojulikana kimetoka wapi, ilhali mnazi ni kinywaji ambacho mnywaji anaweza kuonyeshwa mti uliokitoa.

Majirani zetu Uganda walijaribu njia nyingine. Sheria ya enguli, pombe ya kukeneka ya vijijini, ya mwaka 1965 iliwataka wakenekaji wa vijijini wauze kileo chao kwa kiwanda chenye leseni, kikasafishwa na kukenekwa tena, na humo ndimo ilimozaliwa Uganda Waragi. Wengi waliendelea kukeneka kwa siri, na kiwanda kilifaidi kuliko mkulima. Lakini somo lipo: serikali ilikubali kwamba kinywaji cha kijiji kinaweza kusafishwa badala ya kumwagwa. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2010 ya udhibiti wa vileo, iliifuta sheria iliyopiga marufuku chang'aa na kufungua mlango wa kuitengeneza kwa viwango. Mnazi ulistahili kuwa wa kwanza kupita mlango huo.

Kazi isianzie kwenye mapipa. Mnazi mbichi ukitiwa chupani bila kupashwa moto huendelea kuchacha hadi chupa ipasuke, na pipa zuri haliokoi tembo lililogemwa kwa chombo kichafu. Wagema waandikishwe kijiji kwa kijiji, wapewe vyombo vya chuma visivyoshika kutu na mafunzo ya usafi, na tembo la kila kundi liuzwe likiwa na jina la mahali na saa lilipogemwa. Wakishazoea hayo, kituo kimoja chenye leseni pale Msambweni kinaweza kununua linalobaki jioni, likakenekwa kabla ya kugeuka siki, na mapipa yakafuata. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ina kurugenzi nzima ya mazao ya kokwa na mafuta, nazi ikiwemo. Shirika la Viwango lina maabara. Leseni za vileo ziko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa katiba ya mwaka 2010. Serikali ya Kwale iwaite wagema mezani na itoe leseni ya kwanza.