Kisukari cha watoto si kosa la mzazi

Wengi wetu hudhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa wazee na watu wenye vitambi. Mtoto akiupata, mama hulaumiwa kwa kumpa chai yenye sukari nyingi, au husemekana ni jicho baya. Ukweli ni kwamba ipo aina ya kisukari inayowapata zaidi watoto na vijana, na chanzo chake si sukari wala husuda.

Katika aina hii, iitwayo aina ya kwanza, mwili hujishambulia wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, huziangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki katika damu nao mwili hukosa nguvu.

Je, kwa nini kinga imgeukie mwenyewe? Chukua mfano wa kizuizi cha polisi katika barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Msafiri hupita baada ya kuonyesha kipande chake. Chembe za mwili nazo hukaguliwa na askari wa kinga, na mkono unaoonyesha kipande ni molekuli ziitwazo HLA. Jeni zake zimo katika kromosomu ya sita, nasi huzirithi kwa baba na mama. Baadhi ya aina zake, hasa DR3 na DR4, huweza kuonyesha kipande cha kongosho kwa namna inayowafanya askari wamdhanie mwenyeji kuwa adui.

Jambo hili linatuhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watoto wa Kisomali wenye ugonjwa huu huko Minnesota, Marekani, ulionyesha kwamba wengi mno walikuwa na DR3. Wasomali ndio wakazi wengi wa Garissa, Wajir na Mandera.

Hata hivyo, kurithi jeni hizi si kurithi ugonjwa. Wengi walio nazo hawaugui kamwe. Hata kwa mapacha wanaofanana kabisa, mmoja huweza kuugua na mwenziwe asiugue. Wataalamu hushuku kwamba mambo mengine, kama vile virusi fulani, huchangia. Kwa hiyo usivunje posa wala usimlaumu mkeo.

Lililo muhimu ni kutambua dalili mapema. Katika joto la Garissa, ni rahisi kudhani kwamba kiu ya mtoto inatokana na jua. Lakini akinywa maji mno, akikojoa mara kwa mara, akianza tena kukojoa kitandani na kukonda ingawa anakula, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akitapika, akihema kwa nguvu na pumzi yake kunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, maisha yake yamo hatarini. Usikubali atibiwe malaria tu: omba apimwe sukari. Tone moja la damu ya kidole hutosha, na majibu hupatikana papo hapo.

Mtoto huyo atahitaji sindano za insulini kila siku. Mitishamba haiwezi kuchukua nafasi yake. Kama huna friji, weka dawa ndani ya kopo lililofungwa vizuri, kisha ndani ya chungu cha udongo kilicholowa maji, kivulini. Insulini ilianza kuwaokoa wagonjwa mwaka 1922. Mtoto anayeipata bila kukosa husoma, hucheza na huishi hadi utu uzima.