Kabla ya kununua kompyuta nyingine, tuipunguzie mzigo iliyopo

Matogoro, katika Manispaa ya Songea, inafahamika kwa mambo mawili: milima ambamo Mto Ruvuma huanzia safari yake kuelekea Bahari ya Hindi, na chuo cha ualimu kinachobeba jina la milima hiyo. Kwa wazazi wenye vijana chuoni, jina hilo hukumbusha pia gharama: ada, chakula, pango la chumba na, siku hizi, kompyuta mpakato. Mwalimu mtarajiwa ana maandalio ya somo ya kuandika, ripoti za kuchapa, na vitabu vya kiada vya kusoma katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Fedha ya kompyuta hiyo mara nyingi hutoka shambani. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa maghala ya mahindi ya nchi yetu, na familia nyingi hupima matumizi makubwa kwa idadi ya magunia. Kinachopatikana kwa hesabu hiyo huwa ni kompyuta ndogo, au iliyokwisha kutumika na wengine. Miezi michache baadaye inachukua muda mrefu kuwaka, inaganda katikati ya kazi, na kijana anapiga simu nyumbani kuomba nyingine. Wazazi hubaki kuchagua kati ya kuuza magunia zaidi na kumshuku mtoto wao kuwa hakuitunza.

Tunawaomba wasubiri kidogo. Mara nyingi kinachoichosha kompyuta ya namna hiyo si umri wake, bali mzigo iliyotwishwa. Mzigo huo unaweza kupunguzwa kwa gharama ndogo sana.

Tuijue kwanza

Ndani ya kompyuta kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Hifadhi ni kama kabati la vitabu: humo hukaa mafaili na programu zote. RAM ni kama meza ya kusomea: juu yake huwekwa kile tu kinachotumika kwa wakati huo. Meza ikiwa ndogo na vitabu vikawa vingi, msomaji atashinda akiinuka kwenda kabatini na kurudi. Ndiyo maana kompyuta inaganda ilhali kabati lake lina nafasi tele.

Kompyuta ndogo nyingi tunazozizungumzia zina RAM ya GB 2 au 4, na hifadhi ya GB 32 au 64. Kijana aandike namba hizo mbili kwenye karatasi. Aongeze na ya tatu: kama prosesa ni ya biti 32 au biti 64. Zote huonekana katika ukurasa wa taarifa za kompyuta, na uamuzi wowote unaofuata hutegemea namba hizo.

Mfumo endeshi unaolingana na mashine

Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na hicho ni kiwango cha chini cha kuipokea, si cha kuitumia kwa raha. Windows 10, ambayo kompyuta nyingi za zamani zinaitumia, ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kuendelea nayo bila masasisho ya usalama ni kuacha mlango bila komeo.

Njia iliyo wazi kwa mwenye kipato kidogo ni Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Una matoleo mengi, na mengi kati yake hutolewa bure kihalali. Kwa RAM ya GB 4 na prosesa ya biti 64, Linux Mint yenye mwonekano wa Xfce inatosha vizuri. Kwa GB 2, Lubuntu ni nyepesi zaidi. Kwa mashine kongwe za biti 32, au zenye RAM ndogo kuliko hiyo, ipo antiX, iliyotengenezwa kwa kuzingatia kompyuta za zamani.

Mifumo hii ina faida moja inayomfaa mtu mwenye hofu: unaweza kuiweka kwenye flashi, ukaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, na kuijaribu bila kugusa kilichomo ndani. Jaribuni Wi-Fi, sauti, kioo na kibodi. Kitu kikikataa, chomoeni flashi na mambo yarudi kama yalivyokuwa. Mkiridhika, hamisheni kwanza mafaili yote muhimu kwenye flashi nyingine au kompyuta ya ndugu, kwa kuwa kusimika mfumo mpya kunaweza kufuta vyote.

Programu za kazi

Kwa kuandika na kupiga hesabu, LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Kwetu si mgeni kabisa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka katika shina hilohilo la OpenOffice. Mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo faili linapohamia kwenye Word. Kwa hiyo kazi iliyokamilika itumwe kwa mkufunzi katika PDF. LibreOffice nayo ikiwa nzito, AbiWord inatosha kwa insha na barua.

Kwa wanaobaki na Windows, SumatraPDF husoma vitabu kwa wepesi mkubwa. VLC itacheza masomo ya video na visomo vya Qur'an vilivyohifadhiwa, bila kutumia bando. Kiwix humwezesha msomaji kupakua Wikipedia mara moja, ikiwamo ya Kiswahili, akaisoma nje ya mtandao, jambo la manufaa bando linapokwisha kabla ya mwezi.

Kivinjari ndicho mlaji mkubwa. Kurasa kumi zilizoachwa wazi zinaweza kuimaliza RAM yote. Afungue mbili au tatu, na aweke kizuizi cha matangazo. Vilevile azime programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka. Hatua hii peke yake, hata ndani ya Windows, huweza kubadili hali.

Zilizochakachuliwa

Wapo wanaoshauri kuweka kwa bei ndogo programu zilizochakachuliwa. Tunashauri kinyume chake, kwa sababu mbili. Programu ina mwenyewe, na haki ya mwenye mali haipotei kwa kuwa yuko mbali. Pia aliyevunja kufuli ya programu anaweza kuwa ameficha virusi ndani yake, na hivyo kumgharimu mwanafunzi ripoti ya muhula mzima. Pale ambapo kipo cha halali na cha bure kinachofanya kazi ileile, udhuru wa umaskini haupo tena.

Mipaka yake

Wepesi wa programu haumalizi kila tatizo. Zipo programu za Windows zisizokubali Linux. Kijana awaulize kwanza wakufunzi wake kama kuna yoyote ya lazima. Kioo kilichopasuka au betri iliyokufa haviponywi na programu. Na kompyuta yenye hadi diski ya kuzunguka huenda ikafaidika zaidi kwa kubadilishiwa diski ya SSD, matengenezo ambayo kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko kununua kompyuta nyingine.

Simu ya kuomba kompyuta ikija, basi, mzazi aulize maswali manne: RAM ni kiasi gani? Hifadhi ni kiasi gani? Prosesa ni ya biti ngapi? Ni kazi gani hasa iliyoshindikana? Majibu yakipatikana, ijaribiwe flashi kwa wiki moja. Kama bado itashindwa, familia itauza magunia ikijua kwamba haikuwa na njia nyingine.